Nani Aliwafungulia Mlango

Beni, 14 septemba, siku ya Mungu

Mvua imeanza kweli. Sikwenda misa. Jicho la kuume linauma nikiligeuza, kama mtu ameweka kidole nyuma yake na anasukuma. Nikifunga la kushoto naona ukungu tu, moshi wa kuni mbichi. Nimeomba daftari kwa binti yetu Rébecca ili nione kama mistari inakaa sawa nikiandika. Inakaa, nikitumia macho yote mawili.

16 septemba

Nimeaibika sokoni. Mimi na Aisha tunauza vitenge kwenye meza moja tangu Rébecca akiwa mgongoni. Mama mmoja wa kanisa aliagiza kitambaa chekundu, nikamkatia. Akakishika, akasema, "Solange, hii nyekundu ni ya wapi?" Nikaangalia tena kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kwa la kushoto kilikuwa rangi ya matofali, na chekundu chenyewe kilikuwa bado kwenye rundo. Kwa la kuume vyote viwili vilikuwa udongo mtupu.

Aisha alikichukua taratibu, akampimia yule mama kingine, akamchekesha mpaka akasahau. Alipokwenda, akanigeukia.

"Ilianza siku gani?"

"Siku ya Mungu."

"Na haukuniambia."

19 septemba

Kituo cha afya. Malaria, wamesema. Vidonge.

25 septemba

Malaria imekwisha, ukungu uko palepale. Nimekwenda kwa daktari wa macho. Alinimulika na taa yake kwa muda mrefu, akasema, "Jicho yako iko muzuri kabisa, mama. Sioni kitu." Nikamwambia hata mimi sioni kitu. Alicheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

30 septemba

Mvua usiku na mchana. Miguu inawasha kwa ndani.

3 oktoba

Nimeanguka leo, na nitaandika yote hata kama mkono umechoka.

Asubuhi jua lilitoka baada ya mvua, na lile jua la Beni likitoka hivyo linachemsha mabati ya soko. Tangu juzi nilikuwa kama nimevaa soksi za mpira. Leo soksi zilipanda mpaka kiunoni. Nikiinama kutafuta mkasi, umeme unapita mgongoni na kutokea kwenye vidole vya miguu. Niliinama mara ya kwanza, nikanyamaza. Mara ya pili magoti yakakataa. Nilijikuta chini, kati ya miguu ya wateja, na siwezi kusema kama nilikuwa nimekalia mguu wangu au wa mtu mwingine.

Aisha na wanawake wa nyanya walinibeba. Bwana yangu, Éliakim, alikuwa Oicha kununua kakao. Alirudi kabla ya barabara kufungwa, buti zake zikiwa na matope. Éliakim ni mtu wa maneno machache. Alileta beseni, akaniosha miguu polepole, kidole kwa kidole, akiniuliza, "Unasikia hapa? Na hapa?" Nilimsikia kama mtu anayenigusa juu ya blanketi. Nikasema ndiyo. Akajua ninadanganya, akaendelea kuosha.

5 oktoba

Mama Kavuo, mama wa Éliakim, amefika kutoka Butembo na kikapu cha viazi. Ni mwanamke aliyelea watoto wake peke yake kwa shamba la vitunguu, na hajui kuogopa mtu. Hakukaa hata kidogo.

"Ulikula wapi, binti yangu?"

Nikamtajia. Nyumbani. Sokoni, maharagi. Na siku ya Maulidi, kwa Aisha na bwana yake Asumani: pilau na chai.

"Na jicho ilianza wakati gani?"

"Juma lililofuata."

Alimtazama mtoto wake, kisha mlango, kisha akalisema lile neno kwa sauti ya chini. Karuho. Ile sumu ambayo watu wa kwetu wanasema inawekwa ndani ya chakula na kumla mtu polepole. Zorobabel, mdogo wa Éliakim, anayeendesha moto-taxi, pikipiki ya abiria, alikuwa amesimama dirishani. Alilisikia vizuri.

Hakuna aliyekataa. Hata mimi sikukataa.

Butembo, 9 oktoba

Tuko Mususa, kwa Mama Kavuo. Huku kuna baridi, asubuhi ukungu wa kweli unatembea kwenye migomba. Leo nimekwenda chooni peke yangu nikishika ukuta. Na jicho limepungua moshi, nimesoma kalenda ya ukutani.

"Unaona?" amesema Mama Kavuo. "Umetoka ku mikono ya Aisha, na sasa unatembea."

12 oktoba

Aisha amepiga simu. Sikuchukua.

15 oktoba

Nimekuwa nikikumbuka ile chai. Mwanzo nilikumbuka tangawizi. Jana nikakumbuka kwamba ilikuwa kali kidogo. Leo nimekumbuka kwamba Aisha alinimiminia mimi wa mwisho, na kwamba alinitazama nikinywa. Kesho sijui nitakumbuka nini. Natembea vizuri zaidi kila siku, na kila hatua inasema Mama Kavuo yuko sawa.

Simu imelia tena.

20 oktoba

Éliakim amepanda kutoka Beni. Anasema mtu ameandika MULOZI kwa makaa kwenye meza yetu. Zorobabel amelipeleka neno pale madereva wa moto-taxi wanapongojea abiria, na kutoka pale limekwenda kila mahali. Wateja wanapita mbali. Siku hizi, kwa sababu ya wale wa porini wanaoua watu na kujiita Waislamu, mwanamke Mwislamu wa Beni hahitaji kosa kubwa ili atazamwe vibaya. Sasa amepewa kosa.

"Na weye unasema nini?" nilimwuliza bwana yangu.

"Miye sijue, Solange. Ninaona tu ulikuwa unaanguka kule, na huku unatembea."

Nilivuta blanketi mpaka kichwani.

23 oktoba

Mama Kavuo alitaka leo kuniondolea mabaki ya sumu. Alichemsha maji na majani ya mukalitusi, akayaweka ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, akanikalisha kwenye kibao nyuma ya nyumba na kunimwagia bakuli baada ya bakuli, akisali. Mwanzo ilikuwa raha. Nilikuwa nimesahau kuwa na joto.

Kisha migomba ikaanza kufutika. Kwanza majani, kisha mashina, kisha mkono wake wenye bakuli. Nilifunga jicho la kushoto: giza. Nikataka kusimama, miguu haikuwapo. Nilimwambia, "Mama, sioni."

Aliangusha bakuli. Sijawahi kumwona akiogopa, na hata leo sikumwona, nilimsikia tu. Alinikumbatia nikiwa na maji, kifua chake kikidunda. Alinivuta mpaka kwenye baraza, akanifunika na kitambaa chembamba, akakimbia kuita jirani. Upepo ulikuwa unapita. Nilikaa pale nikilia. Na kabla jirani hajafika, migomba ilirudi. Mashina, majani, yote. Nikajaribu mguu: unatii.

Mama Kavuo alirudi akanikuta nimesimama. Aliokota bakuli, akalipeleka ndani.

26 oktoba

Nimechemsha maji mwenyewe. Mama Kavuo aliniangalia, hakuniuliza. Nilioga ya moto: ukungu. Nikakaa kwenye upepo: ukungu ukaisha. Wala sijala kwa mtu, wala sijanywa chai ya mtu.

"Mama," nikasema, "Aisha haiko huku."

Alikaa akimenya viazi, akimenya na vile vilivyokwisha kumenywa. Baadaye akasema, "Kesho kutwa nitakupeleka kwa munganga. Wa hospitali."

28 oktoba

Daktari Muyisa ni kijana mwembamba, amerudi kutoka masomoni si zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika, jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Nilipofika kwenye maji ya moto, akainua uso.

"Rudilia hapo."

Nikarudia. Akanigonga magoti kwa kinyundo, akanikwaruza nyayo, akaniambia niinamishe kichwa; umeme ukapita, akauona usoni mwangu. Kisha akanilaza kwa ubavu, akachukua maji ya mgongo kwa sindano. Mama Kavuo alinishika mabega.

Baadaye alivuta kiti karibu, akatueleza sisi wawili. Nitaandika kama nilivyoelewa.

Ndani ya damu kuna chembe nyeupe, ndizo zinazotulinda na magonjwa. Zinatembea mwili mzima. Lakini kwenye ubongo na uti wa mgongo, kuta za mishipa ya damu zimebanana kuliko mahali pengine popote, na chembe hizo huruhusiwa kupita chache sana, kwa uangalifu. Kwa mtu kama mimi, baadhi ya chembe zimekosea. Zimejifunza kumwona adui mahali ambapo hayupo. Zinanata kwenye ukuta wa mshipa, zinajibana, zinapenya katikati, zinaingia. Huko ndani zinakutana na mafuta yanayofunika neva, kama plastiki inavyofunika waya, na zinaamini zimempata yule adui. Zinaita wenzao. Yale mafuta yanachunika. Pale yalipochunika, habari kutoka jichoni haifiki kichwani vizuri, habari kutoka kichwani haifiki mguuni.

"Na joto?" nikauliza.

"Waya iliyochunika inapitisha vibaya, na ikipata joto inapitisha vibaya zaidi. Ukipoa, inarudia. Njo maana Beni ulianguka na huku unatembea. Ni baridi ya Butembo tu, na ule mushituko wa kwanza ulianza kupoa yenyewe. Yale maji hayakukuharibu. Yalionyesha tu mahali paliharibika."

Mama Kavuo alikuwa akikunja kitambaa chake mkononi. Sasa akasema, "Munganga, umesema kuta zimefungwa. Nani alibafungulia mulango?"

Daktari hakucheka.

"Hakuna mutu, mama. Bao benyewe, zile chembe, balijifungulia. Kwa nini kwake na hapana kwa mutu mwingine, sisi banganga hatuyue yote. Kuna vijidudu fulani vya utotoni, karibu sisi wote tuko nabyo, na kwa batu bachache byaonekana kuanzisha makosa. Mais sumu ya ndani ya chakula haifanyake hivi. Hiyo ninaweza kuapa."

"Haifanyake," akarudia Mama Kavuo.

"Hapana."

Ugonjwa una jina refu la Kifaransa. Ameliandika kwenye karatasi. Amesema mimi ni wa pili anayemshuku kuwa nao tangu arudi, na kwamba pengine wengine wamekufa wakiitwa waliologwa. Ili kuwa na hakika ninahitaji picha ya kichwa na mgongo, na mashine hiyo iko Kampala. Njia ya Goma imefungwa na vita.

Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia. Mama Kavuo alitembea nyuma yangu. Nilifikiri ananilinda nisianguke. Nilipogeuka, nikaona analia.

3 novemba

Nimetoka hospitali. Serumu ya dawa kali kwenye mshipa, kila asubuhi, siku kadhaa. Daktari anasema inatuliza zile chembe na kubana ukuta kwa muda. Mdomo una ladha ya chuma, silali. Lakini nimepanda ngazi tatu za kanisa.

Sijampigia Aisha. Kila siku ninayoongeza inafanya ya kesho kuwa ngumu.

6 novemba

Éliakim amepiga simu. Vijana wamempa Aisha mpaka Jumamosi kuhama, la sivyo watachoma nyumba. Anayewaongoza ni Zorobabel. Chefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, ameita mkutano.

"Nitashuka," nikamwambia.

"Solange, kule kuna joto."

"Najua kuna joto."

Mama Kavuo alikuwa tayari anafunga kitambaa kichwani.

Beni, 8 novemba

Mkutano ulikuwa kwenye kiwanja cha chefu, chini ya mabati, saa za jua. Watu walijaa mpaka barabarani. Aisha alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake na Asumani, nafasi tupu pande zote mbili, ingawa wengine walikuwa wamesimama kwa kukosa pa kukaa. Amekonda. Aliniona nikiingia na fimbo, na hakutabasamu wala hakugeuza uso.

Zorobabel alisema kwanza. Alisema shemeji yake alikuwa mzima, akala kwa Waislamu, akapofuka. Watu wakaitikia.

Nilisimama. Joto lilikuwa limeshaanza kazi yake, nyuso zilikuwa zinayeyuka. Nilieleza chembe za damu, ukuta, mafuta ya neva. Niliyajua yote vizuri Butembo. Pale yalitoka vipande vipande, ulimi mzito. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu bamemuloga mpaka kichwa," na wengine wakacheka. Miguu ikaanza kutetemeka. Éliakim akanishika kiuno.

Ndipo Mama Kavuo alipotembea mpaka katikati. Hakuomba ruhusa kwa chefu.

"Miye njo mama ya Zorobabel," alisema. "Ile neno ya sumu ilitoka mu kinywa yangu. Hapana ya mutu mwingine. Mulikuwa mumesikia kwa mutoto, mutoto alisikia kwangu. Nilipeleka huyu bibi ya Éliakim ku Butembo. Kule hakuna Aisha. Kule niko mimi. Nikachemusha maji na mikono yangu, nikamumwagia yeye, akapotea macho mbele yangu. Kama munatafuta mulozi, basi muanze na miye. Nyumba yangu iko Mususa, na paa ni ya mabati, itawaka polepole. Mukuje."

Wengi pale walikuwa na umri wa wajukuu zake.

"Niliuliza munganga nani alibafungulia mulango. Akasema hakuna mutu. Niko muzee, sikupenda ile jibu. Ningependa mutu mumoja nimushike. Mais ile njo jibu iko." Kisha akamgeukia mwanawe. "Zorobabel, simama. Utaenda ku soko na sabuni, utaosha ile meza. Leo. Nitakaa pale nikikuangalia."

Zorobabel alisimama. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtoto. Nilikuwa nimemchukia kwa siku nyingi, na pale nikaona kwamba aliogopa kunipoteza, na kwamba hofu yake ilikuwa haina mahali pa kwenda.

Mama Kavuo alikwenda akakaa kwenye benchi, ile nafasi tupu, karibu na Aisha. Hakumgusa. Alikaa tu. Chefu akasema mkutano umekwisha.

10 novemba

Éliakim ameuza kakao yake yote. Alikuwa anatafuta gari la Kasindi, mpakani mwa Uganda. Asumani, anayepeleka mizigo kwa gari mpaka huko, alikuja mwenyewe mlangoni, hakuingia ndani. "Niko napanda na convoi siku ya tano," akasema. "Mutapanda na miye. Aisha atawasindikiza, yeye njo anajua Kampala, kule ananunuaka vitenge." Éliakim akasema asante kwa Kinande, "Wasingya," akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

14 novemba

Barabara ya Kasindi. Askari mbele, askari nyuma. Tulipita magofu ya magari yaliyochomwa. Aisha alikaa dirishani. Mpakani alisema neno moja kwangu: "Kunywa maji."

Kampala, 18 novemba

Mashine ni tundu jeupe lenye kelele. Katikati walinitoa, wakanitia rangi kwenye mshipa, wakanirudisha.

Daktari wa huku alituonyesha picha. Madoa meupe karibu na vyumba vya maji vya ubongo, moja refu kwenye uti wa mgongo. Mawili yalikuwa yanang'aa zaidi. Alieleza, na Aisha akanitafsiria: ile rangi hukaa ndani ya damu, haina ruhusa ya kuingia ubongoni. Ikionekana inang'aa ndani, maana yake pale ukuta umelegea sasa hivi, chembe zinapita.

Kwa hiyo ni kweli. Niliangalia yale madoa mawili muda mrefu. Ni madogo kama punje za mchele.

Muuguzi alimwuliza Aisha yeye ni nani wangu. Aisha alichukua fimbo yangu. "Ndugu yake," akasema.

22 novemba

Dawa ya kwanza imeingia, matone ya nusu siku. Inapunguza aina moja ya zile chembe ili zisipate za kutosha kuingia. Haitarudisha kilichochunika. Nitakuja tena baada ya miezi sita, kama barabara itaruhusu. Niliuliza kama nitapona. Daktari alisema ugonjwa huu hauondoki, ila unaweza kulazwa usingizi, na watu wengi wanaishi nao wakifanya kazi. Éliakim alinishika mkono wa kuume, ule unaosikia vizuri; wa kushoto umebaki na ganzi.

Beni, 2 desemba

Nyumbani. Rébecca amekua. Mvua.

7 desemba

Mama Kavuo amerudi Butembo. Kabla ya kupanda gari alipita kwa Aisha na viazi. Sijui waliongea nini. Alikaa kidogo sana, na Aisha alimsindikiza mpaka barabarani.

14 desemba, siku ya Mungu

Jana nilirudi sokoni. Nilikuja mapema, kabla ya joto. Aisha alikuwa anakunja vitambaa. Nilichukua ncha nyingine, tukakunja pamoja kama zamani, tukikutana katikati na kuachana. Wateja wamerudi nusu. Wengine bado wanapita mbali, na pengine watapita mbali mpaka mwisho.

Kwenye kitambaa cha tatu au cha nne aliuliza, bila kuniangalia:

"Weye uliamini?"

Njia yote ya Kasindi nilikuwa nimetayarisha maneno. Homa, woga, maneno ya familia. Niliyaacha yote.

"Ndiyo," nikasema. "Niliamini."

Aliendelea kukunja. Alipiga pembe na pembe, akalainisha kwa kiganja.

"Nilijua. Simu ililia, ikalia, nikajua." Akaweka kitambaa juu ya rundo. "Bale bengine, walipoandika ku meza, nilikasirika. Sikulia. Ile simu njo niliilia."

Sikuomba msamaha. Lilikuwa neno dogo kwa kitu kile. Nilisimama pale tu na mikono yangu, mmoja unasikia, mwingine unasikia nusu, nikangoja aniambie niende.

Jua lilianza kugusa ukingo wa meza upande wangu. Aisha aliliona kabla yangu. Aliinuka, akavuta kiti chake kilichokuwa kwenye kivuli, akakisukuma kwangu kwa mguu. Yeye akaja kusimama upande wa jua, mgongo kwa barabara, kivuli chake juu ya magoti yangu.

"Kaa," akasema. "Na uniambie ukianza kuona vibaya. Usininyamazie tena."

Nikakaa.